Anas Zubeir, Aliyesema Amepangiwa

Wasikilizaji wapendwa, boti imeshaondoka. Tuanzie hapo. Imeshaondoka Makoongwe, mashine imeshika, na kijana mmoja amekaa nyuma na begi jipya lililovishwa nailoni lisirowe. Huko pwani anakotoka watu wameingia maji ya magoti kumsindikiza. Wamo wanawake wenye watoto mgongoni, wamo wanaume waliotoka kwenye kisomo na kofia zao bado kichwani. Mama yake yuko mbele ya wote. Amekusanya kanga kwa mkono mmoja, anapaza sauti kushindana na mashine:

"Anas! Huko ulikopangiwa, maji yapo?"

Kijana anajibu: "Yapo, mama!"

Kisha anageuza uso upande wa Mkoani. Anaugeuza kwa sababu hataki mama yake auone.

Huyo ndiye Anas Zubeir, tunayemkumbuka leo. Mwana wa Makoongwe, kisiwa kidogo kile mbele ya bandari ya Mkoani. Alisomea jiolojia, yaani elimu ya miamba na vilivyomo ardhini. Amefariki mwezi uliopita, hajatimiza miaka arobaini. Mama yake, Bi Mwanawema, na mkewe, Bi Moza, ndio waliotaka tusimulie habari zake, na wametaka tuzisimulie zote. Bi Mwanawema alisema: "Msimpambe. Mwenyewe aliacha kujipamba."

Basi hatutampamba.

Asubuhi ile ya safari, Anas alikuwa na ladha ya kombe mdomoni. Kombe mnalijua. Aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, sahani inaoshwa kwa maji na marashi mawaridi, na anayesomewa anakunywa. Watu hutafuta maji mazuri kwa kazi hiyo. Bi Mwanawema alikataa. Alichota kisimani kwao, maji yale yale ya kila siku, yenye chumvi inayobaki kwenye fizi. Akasema: "Anywe haya haya, ajue anakwenda kututafutia nini."

Kisiwa kizima kiliamini hivyo. Shida yao kubwa ilikuwa maji. Mtoto wao amesoma mpaka chuo kikuu, amesomea ardhi, na sasa anakwenda Marekani kuongeza. Kwenda kufanya nini, kama si kuwatafutia maji? Walimsomea kwa nia hiyo. Wazee walilia kwenye dua kwa nia hiyo. Na Anas alikaa katikati ya mkeka, kichwa chini, akasema amina kwa nia hiyo.

Alikuwa amewaambia amepangiwa Marekani. Neno moja tu, nimepangiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nani angeuliza? Kwetu mtoto hupangiwa skuli. Akifaulu hupangiwa masomo. Mwalimu hupangiwa kituo, daktari hupangiwa hospitali. Mtu akisema amepangiwa, wenzake humwombea heri, basi.

Lakini Anas hakupangiwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana habari yote imesimama hapo. Anas hakupangiwa. Alichagua.

Ili mjue alivyochagua, tumrudishe udogoni. Baba yake, marehemu Mzee Zubeir, alikuwa mtu wa Gando. Wazazi waliachana mapema, mtoto akakaa na mama Makoongwe, ila msimu wa karafuu alipelekwa Gando kuchuma. Huko ndiko alikojulikana. Watoto wengine walipanda mikarafuu kwa sababu wametumwa. Yeye alipanda na akakawia kushuka. Alifika kwenye vitawi vyembamba vya kileleni, pale ambapo mchumaji mwenye akili huacha. Baba yake alikuwa akisimama chini na pakacha, anamwita: "We Anas, teremka! Hizo za juu kabisa waachie ndege!" Anas aliteremka, akachapwa, na kesho yake akapanda tena. Alimwambia Bi Moza baadaye kwamba kule juu hakuwahi kuwaza kitu. Mikono ilijua la kufanya, na kichwa kilinyamaza.

Akakua. Akafaulu. Akapata chuo kikuu Dar es Salaam, akachukua jiolojia. Mwaka wa tatu walipelekwa Mwanza kusoma miamba, na ndipo alipowaona watu wamening'inia kwenye jabali kwa kamba, mwanamume na mwanamke, wageni, wanapanda pole pole wakicheka. Wenzake walipiga picha wakaondoka. Anas aliomba ajaribu. Walimfunga kamba. Alipofika juu, anasema Bi Moza, alijikuta analia na hajui ameanza saa ngapi.

Tangu hapo alikuwa mtu mwenye siri. Si siri mbaya. Ila ilikuwa kubwa kuliko ilivyopaswa.

Alipomaliza aliomba vyuo nje kwa shahada ya pili, na Mungu akamjaalia akakubaliwa na viwili. Kimoja kilikuwa Uholanzi, nchi tambarare kama mkeka, ambako mwalimu mmoja maisha yake yote alikuwa akichunguza bahari inavyoingia kwenye visima vya nchi za chini. Kama kisiwa cha Makoongwe kingeweza kuandika maombi, kingemwandikia mwalimu huyo. Chuo cha pili kilikuwa Marekani, mji mdogo wa milimani. Huko walisoma miamba migumu. Na majabali ya kupanda yalianza nyuma ya bweni la wanafunzi.

Mtu mmoja tu alijua kwamba vilikuwa viwili. Huyo ni Fahd, mwenzake wa skuli, mwenye duka la vifaa vya umeme Chake Chake. Tulimpigia simu. Akasema: "Alikuja dukani kunionyesha picha kwenye simu. Nikadhani za chuo. Za chuo ilikuwa moja. Zote nyingine ukuta wa mawe, huku, kule, ukuta wa mawe. Nikamwambia, yakhe, watu wanachagua chuo kwa mwalimu, weye unachagua kwa ukuta. Unaposa mke kwa kutazama nyumba yao?"

Anas alicheka. Akamwambia mwamba ni mwamba, maji yenyewe yamo ndani ya mwamba, hakuna kitakachopotea. Fahd akamuuliza: "Na mama yako umemwambia nini?" Anas akasema atamwambia amepangiwa. Fahd, mtu wa mzaha, akampa mkono, akasema: "Hongera basi, kwa kujipangia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na ndiyo maana kwenye boti aligeuza uso.

Miaka miwili alikaa. Hatuwezi kusema hakusoma. Alisoma sana, na walimu walimpenda. Alijua namna maji yanavyojificha kwenye nyufa za mawe magumu, na namna ya kuyafuata chini, na chini zaidi, mpaka yapatikane. Jumamosi na Jumapili alikuwa kwenye ukuta. Aliufahamu ule ukuta kama mtu anavyoifahamu nyumba ya shangazi yake.

Bi Mwanawema alikuwa akipiga simu siku ya Ijumaa. Akimaliza salamu huuliza: "Umeshafika kwenye habari za maji?" Na Anas hujibu: "Tunakaribia, mama." Alimwambia Bi Moza baadaye kwamba alikuwa akikata simu, anakaa kitandani, anaona haya peke yake chumbani. Kisha anachukua viatu vya kupandia na kutoka.

Akarudi. Akapata kazi ya serikali, akaoa, akakaa Tibirinzi na Bi Moza, ambaye ni mwalimu. Na Makoongwe wakamngoja. Hawakumsumbua. Walimngoja kwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi. Kila akienda kumtazama mama yake, walimsalimia, wakamuuliza habari za mjini, wakamtazama mikono. Mpaka Mzee Pandu, aliyekuwa akishughulikia mambo ya kisima cha msikiti, akamwambia: "Mwanangu, siye tuko tayari. Utuonyeshe tu pa kuchimba."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, palikuwa na njia. Angeweza kusema: Mzee wangu, haya ya visiwa mimi sikuyasoma, nitafutieni mtu. Maneno hayo si mengi. Lakini angeulizwa, kwani miaka miwili ulikwenda kusoma nini? Akaogopa swali hilo. Akawaonyesha.

Wakachimba kwa msaragambo, watu wote, mitaimbo na sururu. Jiwe la Makoongwe ni jiwe la matumbawe, linakatika kama mkate mkavu. Haukupita muda mrefu, mtu aliye chini akapiga kelele kwamba miguu inarowa. Ikateremshwa ndoo. Yakapanda maji. Mzee Pandu akaonja, akampa Bi Mwanawema akaonja, na Bi Mwanawema akakaa chini mchangani. Yalikuwa matamu.

Mzee Pandu akauliza: "Anas, haya si ndiyo? Tusimame?"

Anas akasema: "Tuendelee kidogo."

Alisema hivyo kwa sababu huko alikosoma, ukipata maji machache unayafuata chini. Jabali la milimani ndivyo lilivyo. Kisiwa kidogo sivyo. Kwenye kisiwa kidogo maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, ndani ya ardhi, kama tui zito linavyokaa juu ya tui jepesi. Unachota juu, kwa heshima. Ukizidi kwenda chini, unatoboa. Jambo hilo Anas alilisoma Dar es Salaam, kurasa mbili tatu, akalifanyia mtihani akalisahau. Uholanzi angelisoma miaka miwili.

Wakaendelea kidogo. Ikafungwa pampu. Kulikuwa na sherehe, kukapikwa wali, akina mama wakapiga vigelegele. Kwa majuma kadhaa watu walioga kwa maji matamu na kupika kwa maji matamu. Kisha chai ikaanza kubadilika. Kisha sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha maji yakawa ya bahari kabisa. Na pampu ilikuwa imevuta kwa nguvu hivi kwamba hata kisima cha msikiti, kile cha zamani, kikaharibika. Chumvi waliyokuwa wakiivumilia sasa haikunyweka. Wanawake wakaanza kuvuka na madumu kwenda Mkoani kutafuta maji ya kunywa.

Kukawa na mkutano uwanja wa skuli. Anas alikuja. Alisimama mbele na suruali yake ya kazini, akajaribu kueleza mambo ya miamba. Mvuvi mmoja, Bakar, akamkata kauli: "Samahani, bwana mtaalamu. Huko Marekani ulisoma maji, au ulisoma chumvi?" Watu wakacheka, kicheko cha hasira. Mwingine akasema pengine alisoma kuzamisha.

Ndipo Bi Mwanawema aliposimama upande wa wanawake. Hana mazoea ya kusema mbele za watu. Tunayaleta maneno yake kama wanavyoyakumbuka wote waliokuwapo:

"Mwanangu hakuchagua. Walimpangia. Wangempangia penye maji, angesoma maji. Wallahi hakuchagua."

Mzee Pandu akasema kweli, kijana hana kosa, ndivyo alivyopangiwa. Hata Bakar akainamisha kichwa. Watu wakaanza kumwonea huruma. Mmoja akaja kumpa mkono.

Na Anas akanyamaza.

Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa mama yake, ameusikia ule wallahi, na akanyamaza. Akapokea mkono aliopewa. Bi Moza anasema mumewe hakumsimulia siku hiyo hata mara moja bila kuziba uso kwa viganja. Kisima kilimuumiza, lakini kisima ni kosa, na kila mtu hukosea. Lile la kunyamaza alikuwa na hiari nalo.

Akaacha kwenda Makoongwe. Akasingizia kazi. Mama akipiga simu humwambia yuko kikaoni. Nyumbani hakula vizuri, na alikuwa akiamka na kukaa varandani. Bi Moza akambana mpaka akasema, na aliposema alisema yote, Uholanzi, ukuta, kombe, uwanja wa skuli. Bi Moza alimsikiliza. Kisha akamwambia: "Kamwambie mama yako. Asije akafa na kiapo chako mdomoni mwake."

Akaenda. Alimkuta Bi Mwanawema uani anapiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Hapa tumwache mama mwenyewe aseme, maana alitusimulia mbele ya kinasa sauti, bila kukawia na bila kulia.

"Alichutama mbele yangu akasema. Mie nilikuwa napiga pweza. Sikuacha kupiga. Alipomaliza nikamwambia, kwa hiyo zilikuwa njia mbili, na ile ya maji ukaiacha ukapande mawe. Akasema naam, mama. Nikamuuliza, ulipokuwa huko juu ya mawe, ulitukumbuka? Akamtazama yule pweza. Nikamuuliza tena. Akasema, hapana, mama, nilikuwa siwakumbuki. Basi. Hapo nikajua leo ananambia kweli."

Hakumgombeza. Kesho yake alifunga. Akafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Shehe wa msikiti alimwambia haimlazimu, maana aliapa akiamini anasema kweli. Bi Mwanawema akamjibu: "Najua, shehe. Lakini mdomo ulioapa ni wangu."

Anas alibaki Makoongwe siku zote tatu. Magharibi akikaa na mama yake kwenye mkeka, anamwona anafungua kwa tende na kikombe cha maji ya kisimani, yale yaliyoharibika. Maji ya Mkoani yalikuwamo ndani, kwenye dumu. Hakuyataka. Na Anas akanywa aliyokunywa mama yake.

Ijumaa baada ya swala akaomba ruhusa, akasimama msikitini, akawaambia watu. Hakueleza miamba. Alisema: Sikupangiwa. Nilikuwa na chuo cha maji na chuo chenye majabali ya kupanda, nikachagua majabali kwa sababu nayapenda. Mama yangu aliapa kwa ajili yangu nikanyamaza. Nisameheni.

Bakar anasema aibu ilikuwa ya wote, kama mtu amevuliwa nguo na kila mmoja anatafuta pa kuweka macho. Kisha Mzee Pandu akasema: "Tumesikia. Sasa nenda kaizime hiyo pampu."

Akaizima. Akawaambia, safari hii akiwa ameuliza kwa wanaojua, kwamba kisima kizibwe chini kwa mawe na udongo mzito mpaka pale maji matamu yalipoonekana mara ya kwanza, kisha kiachwe kipumzike kwa mvua. Ila nani ashuke? Kingo zilikuwa zinabomoka. Anas akatuma Tibirinzi, ikaletwa kamba yake ya kupandia majabali, ile aliyorudi nayo Marekani, pamoja na mikanda yake. Ilikuwa haijafunguliwa tangu arudi. Akajifunga. Akatafuta wa kumshika kamba juu, na aliyejitokeza ni Bakar.

Akashuka. Kila siku akishuka na kupanga mawe kwa mkono, akipandishwa kula na kuswali, akishuka tena. Watu walikuja kutazama anavyoweka miguu kwenye ukuta wa kisima kama mjusi. Bakar akamwambia kutoka juu: "Kumbe hiki ndicho ulichosomea!" Watu wakacheka, na safari hii Anas alicheka nao kule chini.

Lakini usiku alimwambia mkewe jambo ambalo Bi Moza ameturuhusu tuliseme. Alimwambia: "Nikiwa mle ndani na kamba imekaza, nafurahi, Moza. Watu wanavuka bahari kwa ajili ya ndoo ya maji, na mimi nafurahi." Alilisema kwa kuona haya, na haya hiyo haikumtoka. Miaka iliyofuata, kila mvua za masika, alikwenda Makoongwe kuonja kisima. Akionja hatazami mtu.

Aliugua moyo ghafla kazini, akapelekwa hospitali, hakufika siku ya pili.

Kwa Bi Mwanawema, kwa Bi Moza na binti yao mdogo Asya, na kwa watu wote wa Makoongwe na Gando, kipindi hiki kinatoa pole. Mwenyezi Mungu amsamehe, na awape subira. Nasi tunaobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana jambo alilolichagua kwa moyo wake akawaambia watu kwamba amepangiwa. Tulitazame leo, angalau, tukiwa peke yetu.

Mtauliza yamekuwaje mengine. Mzee Pandu alifariki mwaka jana. Fahd bado ana duka lake Chake Chake; anasema hajui kama siku ile ilifaa anyamaze na mzaha wake, au aseme zaidi. Bakar anavua, na ile kamba iko kwake, hajaifungia kitu. Pampu imo stoo ya skuli, imeshika kutu. Bi Moza anasomesha Tibirinzi. Asya anapenda kupanda milango, na hakuna anayemkataza. Bi Mwanawema yupo Makoongwe, anatafuta pweza maji yakitoka.

Kisima cha msikiti hakikurudi. Kile cha Anas kinatoa maji matamu tangu masika mpaka karibu na kaskazi, miezi ya joto na ukavu, kisha chumvi inarudi na wanawake wanavuka na madumu. Anas alizikwa Makoongwe wakati wa kaskazi. Maji aliyooshewa yalichotwa humo, kwenye kisima chake.